Mtu wa tisa kwenye boti

Leo nimemshusha mkubwa mmoja kwenye boti, na sijutii hata kidogo.

Mnajua mimi ndiye ninayesimamia usalama hapa mwaloni, boti zinapopakia watu wa kambi yetu ya wakimbizi, ziwa Nakivale. Jaketi za kuelea ziko nane, kwa hiyo abiria ni wanane. Basi.

Boti ilikuwa imejaa. Akafika mzee mmoja wa suti, kutoka mjini Mbarara, akapanda bila kuuliza.

Na ninyi ndugu zangu Wakongomani, mkafanya nini? Mkasogeleana! Eti mgeni haambiwi fasi imeisha.

Hiyo ni ya nyumbani, siyo ya majini. Kule Kongo nilitumika bandarini miaka mingi. Nimeona boti ikizama kwa sababu ya mtu mmoja wa kuongezea.

Mama Neema, aliyengojea tangu asubuhi na mfuko wake wa maharage, akasimama amwachie yule mzee jaketi lake.

Nikamwambia, "Mama Neema, ikala. Kaa na jaketi lako."

Mzee akanigeukia. "Wewe mama, unajua mimi ni nani?"

"Ndiyo, muzee. Wewe ni mtu wa tisa."

Akashuka. Viatu vyake vizuri vikaingia kwenye matope.

Ndipo dereva wake akaninong'oneza: bosi wake amekuja kukagua usalama wa mwalo wetu. 🙈

Sasa nimeitwa Base Camp kesho, kwenye ofisi kuu ya kambi, nijieleze. Ninyi mngemwacha abaki botini? Semeni ukweli.

Mimi nitaenda. Na nikikuta viti vyao vimejaa, nitasimama.

Simwinui mtu.