Nilimtafuta Mtu Baki

Mwaka niliomaliza chuo nikakosa ajira, mfanyabiashara mmoja wa vigae kule Wadi Kabir alinipa kazi ya kumtengenezea tovuti. Maandishi nayaweza, Kiarabu na Kiingereza, lakini kupanga kurasa na picha sikujua. Nilihitaji mtu, na nilitaka awe mtu baki, asiyejua kwetu wala mimi nisijue kwao. Jirani yetu alimpa binamu yake kazi ya kupaka rangi nyumba; ukuta mmoja ukawa mweupe, mwengine rangi ya maziwa, na hakuna aliyethubutu kusema neno.

Ndipo nikaweka tangazo kwenye mtandao, pale pale wanapouza magari yaliyotumika na kukodisha fleti. Lilikuwa la mistari minne, likanila siku nzima. Nikiandika "mwenye uzoefu," naona nitawatisha walio wapole. Nikifuta, naona nitaletewa kila mtu. "Malipo ya kuridhisha": ataridhika nani, mimi au yeye?

"Unaandika tangazo au unaandika wasia?" mama aliniuliza.

Majibu yalikuja, na kila moja lilinivunja moyo kwa namna yake. Wengi walitaka niwe kafili wao, mdhamini wa kuwatolea viza, mimi ambaye hata meza ya kufanyia kazi sikuwa nayo. Mmoja aliuliza kama gari bado lipo. Mwengine alikuwa fundi wa viyoyozi, akaahidi kwamba tovuti atajifunza. Kila mmoja nilimjibu kwa adabu, kisha nikakaa nikijiuliza kama sikuwa mkali.

Halafu akatokea mmoja mwenye kazi safi. Kurasa zake zilitulia, rangi chache, maandishi yanasomeka. Ofisi sina, kwa hiyo nilimwita nyumbani, Mabela. Nilishapanga nitakayosema: nampa ukurasa mmoja wa majaribio, akifaulu tunaendelea, na siku ya mwisho naitamka waziwazi. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo.

Sikuwahi kuyasema. Mama alileta kahawa na halua, akamkaribisha kwa Kiarabu. Kijana alipopokea kikombe akajibu kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu, "Ahsante, mama." Mama akaweka sinia chini, akakaa.

"Kumbe mtu wa kwetu. Wa nani wewe, baba?"

Akamtaja babake.

"Huyo simjui. Mamako je? Unguja walikaa wapi?"

"Mkunazini. Bibi alikuwa akishona kofia."

Mama akamuuliza jina la bibi huyo, akatajiwa. "Mimi nimenyonya kwa bibi yako," alisema. "Mama alipougua homa, yeye ndiye aliyeninyonyesha, mimi na mamako pamoja. Basi mimi khale yako, dada ya mamako wa kunyonya." Akanigeukia. "Na huyu nduguyo."

Nilijaribu hata hivyo. Nilisema kuna ukurasa mdogo tu, wa majaribio. Mama alinitazama kama nimemwambia mgeni alipie kahawa.

"Unamjaribu mtoto wa dada yangu?"

"Hapana, mama."

Nikampa kazi yote. Nikamwambia afanye akipata nafasi.

Nafasi hakuipata. Ya kuja kula aliipata, na ya kumpeleka mama Qurayyat kununua samaki, na ya kupanda juu ya paa kutengeneza dishi la televisheni. Nikimuuliza kurasa ananiambia, "Ziko njiani, ndugu yangu," na mama anadakia, "Mwache ale kwanza." Mwisho yule wa vigae akanipigia simu: asipoziona kufikia Jumatano, anampa mtu mwengine. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyokuwa nayo, na wafanyabiashara wa Wadi Kabir wanaambizana. Nikimkaripia ndugu yangu, mama ataumia. Nikisema naye kwa upole, hatasikia. Nilizunguka chumbani na mawazo hayo mpaka kichwa kikauma.

Nikaweka tangazo jingine, kwa anwani nyengine ya barua pepe, bila jina. Safari hii sikufikiri. Nilikuwa na hasira. Anatakiwa mtu wa kupanga kurasa za tovuti ya duka. Atume mfano. Mwisho kesho adhuhuri.

Kesho yake lilikuja jibu moja la maana, nalo lilikuwa lake. Aliniita "Mheshimiwa," na mfano aliotuma ulikuwa duka la vigae. Kurasa zote zilikuwemo, zimekamilika, na maneno yangu ndani yake. Zilikuwa nzuri kuliko nilivyozitarajia, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kazi ninayo mkononi, na siwezi kuichukua bila ya kusema nimeipataje.

Mchana alikuja kula. Nikamuuliza tena.

"Bado kidogo," alisema, akitoa mwiba.

"Nimeziona."

"Umeziona wapi?"

"Mheshimiwa ni mimi."

Mama hakuelewa, ikabidi nimueleze mbele ya samaki. Alisema nimemtega mwanawe kama panya, akainuka na sahani yake. Ndugu yangu alinawa mikono taratibu. Hakuonekana kukasirika.

"Yule alinipa siku," alisema. "Wewe ulisema nikipata nafasi. Nikajua huna haraka."

"Nimekuuliza kila siku."

"Umeniuliza kama mtu anayeuliza hali."

Nilizipeleka Wadi Kabir siku ile ile. Mfanyabiashara alizipenda, akasema shemeji yake ana duka la mapazia na yeye anataka tovuti, lakini fundi awe huyo huyo. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na nimefaulu, na sikujua nianze na lipi. Ndugu yangu nilimkuta majilisini, chumba cha wageni, na mama, wanamenya machungwa. Mama bado hasemi nami. Nikampa ndugu yangu habari.

Alifurahi. Alisema kazi nimpelekee kwa ile anwani ya Mheshimiwa, na siku ya mwisho niiandike. Huku nyumbani tusizungumze kazi, khale hapendi.

Nikaenda kwenye kompyuta. Nikaandika "Ndugu yangu," nikafuta. Nikaandika "Ndugu Mwombaji." Nikataja Jumamosi, nikaona ni ukali, nikaweka Jumatatu. Nikarudisha Jumamosi, nikatuma kabla sijafikiri tena.