Hamira Isiyotaka Joto

Muulize yeyote aliyewahi kununua mandazi ya asubuhi kule Kawangware enzi zile, atakwambia ya Mama Duncan yalikuwa yanafura mpaka unayaonea huruma. Jina lake hasa ni Kalondu, mtu wa Kitui, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa moja: kukanda unga alfajiri, kuufunika kwa leso, kuusogeza karibu na jiko uumuke. Hamira inataka joto. Hilo alifundishwa na mamake, na kama kuna jambo alilokuwa na hakika nalo baada ya Mungu, ni hilo.

Moshi ulipoanza kumsumbua kifua, alimwachia rafiki yake Seline kibanda, akahamia Kibera upande wa Ayany, akapata kazi ya kuosha vyombo katika maabara moja mjini. Na huko, ebu fikiria, akakutana na hamira tena! Siku ya kwanza alicheka mpaka machozi yakamtoka. Watu wazima, wenye digrii zao, wanafuga hamira ndani ya visahani vya plastiki, na hata andazi moja hawapiki.

Aliyemfafanulia ni Musimbi, msichana wa Vihiga aliyekuwa akisomea digrii ya pili hapo. Musimbi hakuwa na maringo. Alimketisha kwenye stuli akamwambia, "Mama Duncan, hamira ni kitu hai. Ndani yake inatengeneza protini. Zile za kutumwa nje huvalishwa sukari kwanza, halafu ndiyo zinafunguliwa mlango."

"Kama watoto kabla ya kwenda kanisani."

"Ndiyo hivyo! Sasa hizi zangu zina jeni iliyoharibika. Kuvalisha ni shida, kutoa nje ni shida. Mizigo inarundikana ndani."

"Woi, maskini. Na unazitakia nini basi, na ni vilema?"

"Kilema ndiye anayekuonyesha mguu hufanya kazi gani," Musimbi akasema. Alikuwa akitafuta kitu kimoja tu: hamira kilema ambayo ingepata njia nyingine ya kutoa mizigo yake. Akiipata, angejua jeni gani inaweza kuisaidia ile iliyoharibika. Kuna watoto wanaozaliwa na kasoro ya namna hiyo hiyo, akasema, na hakuna anayejua awafanyie nini.

Kalondu hakuyashika yote, lakini hilo la watoto lilimwingia.

Basi friji ya maabara ikaharibika, na akiba yote ya Musimbi ikafia humo. Vikabaki visahani vichache tu ndani ya kabati la joto, lile sanduku wanamokuzia hamira. Musimbi alivichungulia asubuhi na jioni. Hamira zilikua polepole, aki ya nani, mpaka inachosha kutazama. Msichana akaacha kula. Akakonda. Kalondu alipomwona aliumia moyo kama mama.

Ijumaa jioni watu walipoondoka, Kalondu alibaki kupanga chupa. Akafungua lile kabati, akatia mkono ndani. Baridi! Si baridi ya barafu, lakini hapo hata unga wa chapati mbili usingeumuka. Alikuwa ameambiwa asiguse kitufe cha joto. Aliambiwa, nisikufiche. Lakini mkono uliokanda unga nusu ya maisha una kiburi chake. Akakipandisha mpaka ndani kukawa na joto la mwili wa mtu, akafunga mlango, akaenda zake akiimba pambio. Jumatatu Musimbi angefurahi!

Jumatatu alifika kabla ya wote. Visahani vilikuwa vimepauka, zile hamira zimenyauka. Hakuna kilichokua. Akarudisha kitufe mahali pake haraka haraka.

Musimbi alipovitazama hakupiga kelele. Aliketi chini sakafuni na koti lake jeupe, akalia kimyakimya. "Ni mimi," akasema. "Sijui nimekosea wapi, lakini ni mimi. Mama Duncan, nichemshie hivi vitu vyote. Sitaki kuviona. Naenda kumwambia Dokta Wekulo naacha." Dokta Wekulo ndiye aliyekuwa mkubwa wa maabara.

Akatoka. Kalondu akabaki na visahani mikononi, na sufuria kubwa ya mvuke ikimngoja. Akivichemsha, mambo yameisha, hakuna wa kumuuliza. Akampigia Seline simu, akamweleza yote kwa mkupuo.

"Wewe umerogwa?" Seline akafoka. "Chemsha! Nyamaza! Utapata wapi kazi nyingine na kifua hicho? Huyo msichana atapata kitu kingine cha kusomea."

Maneno ya Seline yalikuwa na akili, tusidanganyane. Kalondu akaanza kuvipanga ndani ya sufuria. Na cha mwisho alipokiinua kwenye mwanga, akaona doa. Doa moja jeupe, limenona, limekaa peke yake katikati ya maiti. Akalitazama sana. Mficha uchi hazai, mamake alizoea kusema. Kalondu akafunika sufuria bila kuiwasha, akaenda mpaka ofisi ya Dokta Wekulo, akaingia bila kubisha.

"Si yeye," akasema. "Ni mimi nilipandisha joto. Tangu Ijumaa. Nilidhani naisaidia."

Dokta Wekulo akaweka kalamu chini. Musimbi ndiye aliyeruka. "Ulipandisha mpaka wapi?"

"Joto la mtu. Na kimoja kina doa."

Musimbi akampita mbio. Hamira zake, kumbe, zilikuwa zinajikokota tu kwenye baridi. Kwenye joto lile mlango wa kutolea mizigo ulijifunga kabisa, zikafa zimeshiba mizigo yao. Iliyobaki hai kwenye joto hilo, basi, ilikuwa imepata njia. Au haikuwa hamira yao.

"Unapika mandazi nyumbani bado?" Dokta Wekulo akamuuliza Kalondu.

"Kila asubuhi, kabla sijaja hapa."

"Hapo ndipo pana wasiwasi. Huenda hilo doa ni hamira ya jikoni kwako, imeingia na mikono yako ulipofungua kabati Ijumaa." Akavua miwani. "Nenda nyumbani, Mama Duncan. Niletee pakiti yako ya hamira kesho, kisha ungoje. Vipimo vikiwa tayari nitakupigia. Hapo ndipo nitajua niseme nini kuhusu kazi yako."

Siku hizo Kalondu hakula vizuri. Alipofua, alisahau nguo kwenye beseni. Aliomba, akashindwa aombe nini hasa.

Alipoitwa, alimkuta Musimbi amesimama mezani na visahani viwili. Kila kimoja kilikuwa na mstari katikati: kushoto hamira ya pakiti ya Kalondu, kulia lile doa. Kwenye kisahani cha kwanza pande zote mbili zilikuwa zimeota vizuri. Kwenye cha pili, hamira ya jikoni ilikuwa imeota nyeupe pepepe, na upande wa doa hapakuwa na kitu. Patupu.

"Limekufa," Kalondu akasema. "Nimeliua na hilo. Musimbi mwanangu, nisamehe."

"Mum, ngoja, sikiliza." Musimbi alikuwa analia na kucheka pamoja. "Hiki cha kwanza kina chakula chote, na doa limekula, limeota. Liko hai! Hiki cha pili nimekinyima chakula kimoja. Hamira ya jikoni hujitengenezea. Yangu haiwezi, ilizaliwa haiwezi. Kama doa lingekuwa la kwako lingeota hapa. Halijaota. Ni langu, Mama Duncan! Ni langu, na limeishi kwenye joto!"

Kalondu akautazama ule upande mtupu. Hajawahi kuona kitu kizuri hivyo.

"Dokta," akasema bila kugeuka, maana alijua amesimama mlangoni. "Niende ama?"

"Uende wapi, na vyombo vimejaa sinki?" Dokta Wekulo akasema. "Na hicho kitufe, Mama Duncan..."

"Sikigusi. Hata mnililie."