Shati Jeupe la Mlinzi wa Kilima

Dobi alivuta shuka kutoka kwenye beseni akaona alichokuwa akikiogopa. Lilikuwa limeingia jeupe, sasa lilikuwa na rangi ya chai. Akaliachia lirudi majini, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hata kukasirika kulikuwa kumemchosha.

Mashuka ya nyumba ya wageni ndiyo yaliyowasomesha binti zake. Sasa mwenye nyumba ile alikuwa amemwambia waziwazi: yakirudi tena na manjano, kazi inakwenda kwa mwingine.

Maji ya kisima yaliharibika baada ya mgodi wa makaa ya mawe kufungwa. Kampuni ilifukia shimo kwa mawe yaliyovunjwavunjwa, ikamwaga udongo juu na kupanda nyasi, na kilima cha kijani kikasimama pale, kizuri cha kutazama. Lakini mvua ilipenya kati ya mawe yale, ikabeba chuma njiani na kutokea visimani na kijitoni, ambako kokoto zilikuwa zimeshika rangi ya kutu. Ubaya wake, maji ya kisima yakichotwa yalikuwa maangavu kabisa. Yaligeuka yakishakaa kwenye beseni.

Mumewe ndiye aliyepanda nyasi zile, na sasa alikuwa mlinzi wa kilima. Hakutaka kusikia neno.

"Mama watoto, maji hayo nimeyanywa asubuhi. Mbona mimi sijageuka rangi?"

"Ulishageuka zamani, baba watoto. Tulikuonea huruma tu kukuambia."

"Shida ni mkono wako mzito. Dawa ya kung'arisha unaitoa kwa matone."

Wiki ile mhandisi wa kampuni alikuwa anakuja kuzungumza na wakazi. Walitaka bomba kutoka chemchemi ya ng'ambo ya kilima, ambako mgodi haukufika. Mhandisi alimwamini mlinzi kuliko wote. Mlinzi akisema maji hayana neno, habari ya bomba imekwisha. Dobi alimsihi mumewe aseme ukweli. Alimsihi kwa upole, kwa ukali, hata kupitia wifi yake.

"Nisimame mbele za watu nikitukane kilima changu?"

"Usikitukane. Sema maji yanaharibu nguo."

"Si ndiyo kukitukana huko?"

Kisha akamletea shati lake jeupe, la kuvaa mkutanoni. "Lifue kwa maji ya hapahapa. Usiende kuchota ng'ambo. Na dawa mimina, usiibanie."

Dobi alijua dawa ile ikikutana na chuma cha maji yale hukoleza madoa. Alikuwa amejifunza kwa kuharibu foronya za watu. Alifungua mdomo amwambie, akaufunga. Angesema mara ngapi? Akamimina kifuniko, akaongeza kingine, kama alivyoagizwa.

"Umefanya makusudi," mlinzi alisema alipoliona shati.

"Nimefanya ulivyosema."

Hakuwa na shati jingine la maana. Akavaa koti juu yake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, na jua linawaka.

Mkutanoni jasho lilimchuruzika hadi kidevuni. "Mzee, vua koti, utatuangukia," mhandisi alisema. Mlinzi akadai anasikia baridi. Basi mhandisi akamuuliza, mbele ya wote, maji yakoje.

Mlinzi alizitazama nyasi zake. Akamtazama mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu, amekunja mikono. Kisha akaanza kufungua vifungo, taratibu, kama mtu anayevuliwa cheo.

"Nyasi ni nzuri," alisema. "Maji ndiyo haya."

Watu wakacheka. Shemeji yake akauliza kama shati lilifuliwa kwenye birika. Mhandisi hakucheka, alilisogelea, akalishika kwenye kola, akasema wataalamu watakuja kuyapima maji kwanza, ndipo bomba lizungumzwe.

"Kwanza wapime," dobi alinung'unika njiani. "Na mimi mashuka yangu yasubiri."

"Ungeniambia mapema habari za ile dawa," mumewe alisema.

Dobi alisimama, akamgeukia.

"Kesho alfajiri toa baiskeli," alisema. "Madumu yote, mpaka chemchemi ya ng'ambo. Njia inapita juu ya kilima chako, utapata nafasi ya kuzitazama nyasi."