Mtama Nilioupima Nikiwa Bwenini

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimeketi ndani ya Landirova ya chuo tukiteremka kuelekea Ishiara, daftari langu limelala mapajani, na kila tulipokaribia nyumbani ndivyo nilivyozidi kuomba gari lipate pancha. Hata pancha moja tu. Wapi! Siku hiyo magurudumu yalikuwa mazima kuliko siku zote.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu, nikisomea kilimo. Aliyeshika usukani alikuwa mhadhiri wangu, Daktari Mugambi, mtu wa Ruiri, mpole, wa kusema kidogo. Alikuwa anakwenda kuuona mtama wa utafiti wangu, ambao bila huo nisingehitimu. Ndani ya daftari kulikuwa na vipimo vyake vyote, urefu wa shina, urefu wa suke, ukubwa wa punje, wiki baada ya wiki. Vilikuwa vipimo vizuri sana. Shida ni kwamba vile vya wiki tano za mwisho nilivipima nikiwa kitandani, bwenini.

Usije ukadhani nilizaliwa mwongo. Nilikuwa mchezaji wa voliboli. Leo ukiniona nikipanda ngazi za kanisa hapa Majimbo huku nimejishika kiuno huwezi kuamini, lakini miaka hiyo ya themanini nikiruka, wavu ulikuwa unabaki kifuani. Haya, nimeongeza chumvi kidogo, ulikuwa unabaki puani. Nilikuwa napenda mchezo ule mpaka naota nikipiga mpira. Na mechi zetu zilikuwa Jumamosi.

Sasa, wanafunzi waliotoka karibu waliruhusiwa kupanda shamba la utafiti nyumbani kwao. Mimi nikapanda kwetu, kando kabisa ya mtama wa mama, na kazi yangu ilikuwa kwenda kila Jumamosi kupima. Mama hakusoma hata darasa moja. Siku ya kupanda nilimsimamisha pale ukingoni nikamwambia kwa ile sauti ya mtu wa chuo kikuu, "Mama, hapa mtu asiguse kabisa. Hii ni ya masomo." Mama akaitikia, akaenda kukata matawi ya miiba, akazungushia sehemu yangu ili hata kuku wasiingie.

Mechi ya kwanza ilipogongana na Jumamosi ya kupima, nilijiambia nitakwenda wiki ijayo. Wiki hiyo ijayo kulikuwa na mechi nyingine, na zilizofuata nikawa nimeshazoea kutokwenda. Na mimi ni mtoto wa Mbeere, mtama naujua tangu nikiwa mgongoni, najua wiki hii unafanya nini na wiki ijayo utakuwa wapi. Kwa hiyo nikakaa kitandani nikaandika. Uongo wangu ulikuwa wa kitaalamu, mwanangu, hata mimi niliusoma nikaridhika nao.

Kitu kimoja tu nilisahau. Kwetu mtama ukianza kujaza, alfajiri na jioni lazima mtu apande dungu, kile kijukwaa cha miti kinachojengwa katikati ya shamba, apige kelele na kurusha mawe kwa kombeo, la sivyo ndege hawaachi kitu. Mimi nimekulia juu ya dungu. Nimewafukuza ndege hao kabla sijajua kuhesabu. Halafu nikaandika wiki tano nzima bila kumkumbuka hata ndege mmoja.

Tulifika jioni, mama akiwa juu ya dungu lake. Alipoliona gari akashuka mbio, kombeo begani, akampa Daktari mkono kwa heshima zote. Mtama wake ulikuwa umeinama kwa uzito. Wangu, hatua moja kutoka hapo, ulikuwa umesimama wima kabisa, na masuke yake yamebaki makapi matupu.

Daktari Mugambi aliingia kati ya mistari akashika suke moja.

"Wawira, hapa wiki iliyopita uliandika nini?"

Nikafungua daftari. Nikasoma. "Punje zimejaa."

Aliliachia lile suke. Alimgeukia mama. "Mama, ndege walianza lini?"

"Hiyo imeanza tangu ile wiki ya mazishi ya jirani, Mwalimu," mama akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Ilianza huko mwisho, ikamaliza laini moja siku mbili. Mimi nikifukuza kwa yangu, inaruka inaenda kwa ya Wawira. Na yeye alinikataza, akasema ni ya masomo. Nikaona, labda hii ndege ni ya chuo."

Leo ninacheka nikikumbuka. Siku ile sikucheka, na wala Daktari hakucheka. Alitoa kalamu, akaomba daftari langu, akaandika maneno ya mama yote kama yalivyotoka.

"Hii ndiyo data ya kwanza ya ukweli nimepata hapa," akasema. "Sitakupeleka kwa kamati ya nidhamu. Lakini hii kazi ni sufuri. Utapanda tena mvua ijayo, na wenzako watahitimu wakuache."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini kilichoniumiza zaidi ni mama, aliyenivuta kando akaniuliza polepole kwa Kimbeere, "Wawira, mbona hukuniambia tu? Mimi si niko hapa kila siku?" Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa amenyimwa nafasi ya kunisaidia, na aliyemnyima ni mimi. Nililia njia nzima ya kurudi, na Daktari aliniacha nilie.

Jumatatu nikamrudishia kocha wetu, Bwana Njiru, jezi yangu. Nilimwambia nimeacha mchezo, sasa ni masomo tu. Nilidhani atanipongeza. Aliitazama ile jezi kama nimempelekea takataka.

"Wewe, kwani uliwahi kuniambia una shamba? Mimi nilijua Jumamosi zako ni free. Hebu kaa chini!"

Akatoa ratiba ya mechi, mimi nikatoa kalenda yangu ya kupanda, tukazilaza pamoja juu ya meza. Mwanangu, kwa msimu mzima ziligongana Jumamosi tatu tu! Mbili tukazisogeza, kwa maana Daktari alipoombwa alikubali nipime Ijumaa. Ya tatu ilikuwa fainali, na ilianguka siku ya mavuno ambayo haikuweza kusogezwa. Bwana Njiru akaifikiria kidogo, akasema, "Hiyo tutacheza bila wewe." Na kweli walicheza bila mimi, wakafungwa, na wasichana wa timu wakaninunia wiki nzima. Iliniuma. Sitakudanganya kwamba ukijipanga vizuri hakuna kitakachokuuma.

Lakini mtama wa msimu ule! Nilimwomba mama radhi, halafu nikamwomba msaada. Akaniuliza, "Sasa unataka nione nini?" Nikamwambia ahesabu makundi ya ndege. Kwa kuwa haandiki, alining'iniza kamba ya mkonge kwenye dungu, kila kundi likija anafunga fundo, kila siku kamba yake. Kila nikifika kupima ninahesabu mafundo, ninaandika, na kando ya kila mstari ninaweka jina lake. Sura ile ya ndege katika ripoti yangu ndiyo iliyonipa alama kubwa kuliko zote. Nilihitimu nikiwa nimechelewa mwaka mmoja, bado nikiwa mchezaji wa timu, na mama akiwa mstari wa mbele na kitambaa kipya kichwani, akiwaeleza watu asiowajua jinsi kazi ile ilivyofanywa.

Kwa hiyo, wewe unayekwenda chuo na viatu vya michezo begini, usivitoe. Cheza. Mchezo ulinipa marafiki ambao hadi leo wananipigia simu kuniuliza hali ya magoti. Lakini wiki ya kwanza kabisa, mpelekee kocha ratiba ya mitihani, na mhadhiri umpelekee ratiba ya mechi. Usiwafanye watu wawili wenye nia njema wagombanie siku moja bila wao kujua. Ukichelewa na kazi, sema umechelewa. Ukurasa mtupu Daktari angenisamehe, ni ule niliouandika bila kuona ndio ulioninyima mwaka. Na walio nyumbani usiwafungie nje ya masomo yako eti kwa sababu hawakusoma.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe pumzi uwanjani na utulivu mbele ya karatasi ya mtihani. Akupe kocha anayeuliza, na mwalimu anayetoka ofisini kuja kuona. Na siku utakayoitwa kwa jina uvae joho, aliyekusaidia awe hai, awe karibu, asikie.