Doa la Nyuma ya Kiti

Bila Doa, ndivyo walivyomwita, na jina lilimkaa. Miaka thelathini anapaka rangi, hajawahi kuacha hata alama ya kidole. Ndiyo maana ukuta wa sebuleni kwake ulimkera, we acha tu. Nyuma ya kiti cha marehemu mkewe kulikuwa na doa jeusi la mafuta ya nywele, pale alipokuwa akiegemeza kichwa kila jioni. Kiti chenyewe Bila Doa alishakisukumia chumbani. Jumamosi alitaka kupaka.

"Ukipafuta pale, baba, nahama," binti yake alimwambia, na hakuwa na mzaha. Tangu hapo ikawa salamu tu, tena ya kulazimishana.

Katikati ya ugomvi huo akaitwa kazi ya ajabu: kupaka chumba ambamo hakuna atakayelala. Ghala zima, na ndani yake kuta tatu za mbao. Wa nne haupo, pale inakaa kamera. Akapaka kijani, akaenda zake. Ijumaa asubuhi anarudi kumalizia mlango, anakuta nini? Katikati ya ukuta wake kuna mraba uliopauka, na msumari mtupu juu yake.

"Alaa! Nani kanichafulia kazi?" Akang'oa msumari, akapaka, akarudia mara ya pili.

Mama mpambaji, aliyepanga kila kitu mle ndani kwa ajili ya filamu, alipoingia alishika kichwa. "Fundi, umenimaliza! Mraba ule nimeuhangaikia siku mbili. Kwenye hadithi yetu, picha ya mume ilikuwa pale, imeondolewa. Bila mraba, nani atajua?"

"Si waseme tu kwamba mume kaondoka?"

"Hakuna atakayesema neno. Watu wataona wenyewe. Urudishe kabla ya saa sita."

Hapo Bila Doa alikiona cha mtema kuni. Kumbe kuchafua kuna kazi kuliko kusafisha! Alisugua kwa msasa, akachovya sponji kwenye rangi nyepesi, akapausha kidogo kidogo, jasho linamtiririka.

Watu wa filamu wakaanza kupiga picha. Taa moja tu, ikipenya dirishani. Meza kubwa, kiti kimoja mezani, cha pili kimesukumwa pembeni. Mwigizaji akaingia, akaweka sahani mbili. Akainua macho, akauona mraba. Akairudisha sahani moja kabatini. Basi.

Mungu wangu! Nywele zilimsimama Bila Doa. Mraba ameutengeneza kwa mikono yake mwenyewe muda si mrefu, rangi haijakauka vizuri, na bado alimwona mtu pale, mtu mzima kabisa, aliyekula kwenye meza ile na kuondoka. Machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakuona haya.

"Mama," akanong'ona, "haya yote mnafanya makusudi?"

"Yote, fundi. Hata kile kiti cha pembeni."

"Hata kiti!"

Jumamosi binti aliamka, akamkuta baba sebuleni na ndoo na brashi. Akageuka kwenda kufunga mizigo.

"We, njoo hapa," baba akamwita. "Shika ncha hii ya utepe."

Wakalizungushia doa utepe pande zote nne, rangi isiliguse. Bila Doa akapaka ukuta mzima, akarudia, akipita kando ya utepe kwa adabu zote. Rangi ilipokauka akabandua utepe, akaenda chumbani, akakitoa kiti, akakiegesha ukutani.

Binti alikitazama, akajifuta macho.

"Sogeza kidogo kushoto, baba. Kichwa chake kilikuwa kinafika hapa."

Akasogeza.