Vileja vya Mbwa

Mama yangu alikuwa na mkono wake katika vileja, vile vibiskuti vya unga wa mchele. Wanawake wengine wa mtaani kwetu Chake walivikata kwa kibati wakaviacha hivyo hivyo. Yeye alivibonyeza kimoja kimoja katikati kwa kidole gumba, kisha akadondoshea kwenye kile kishimo tone la samli yenye rangi ya manjano. Ukikuta kileja chenye kishimo kwenye sahani ya mtu siku ya Idi, unajua kimetoka kwetu. Nami nilikirithi kile kidole, nikakipeleka kisikostahili.

Nilikuwa msaidizi katika ofisi ya mifugo, miaka ile ya mwanzo ya vyama vingi, watu walipokuwa wakisusiana dukani na hata mazishini kwa ajili ya vyama. Nyumbani walijua nashughulika na dawa za ng'ombe na mbuzi. Hawakujua, na sikuwaambia, kwamba kwa miezi kadhaa kazi yangu yote ilikuwa kuwapikia mbwa.

Mbwa wenyewe walikuwa wa wasasi wa Makangale, wanaowinda nguruwe wanaofukua mihogo. Walijaa minyoo, na minyoo ile iliwaingia watoto waliochezea mchanga ule ule. Daktari wetu wa mifugo, mgeni mwenye subira ya kukera, alitaka dawa iwe ndani ya chakula, kitu kimoja tu, maana msasi hana muda wa kumkamata mbwa na kumpanua kinywa. Ukisikia hivyo unaona rahisi. Tulianza na chakula cha mbwa cha dukani, kilichoagizwa ng'ambo na kuteremshwa bandarini Wesha kwa magunia. Nje ya gunia palichorwa mbwa anameremeta kama bwana harusi. Ndani mlikuwa na pumba, vumbi na mafuta yaliyochacha, na ukungu juu yake. Mbwa wa Makangale, waliokulia vichwa vya samaki, walinusa wakageuza shingo, na mimi sikuwalaumu. Tukapika chetu kwa unga wa mchele na dagaa wa kusaga. Wakala, lakini dawa ikipita motoni inapoteza nguvu. Tukaitia baada ya kupika, wakala chakula wakatema dawa kwa uchungu wake. Chakula kikifaa dawa haifai, na dawa ikifaa hakuna mbwa anayekitaka chakula. Daktari alishinda akijikuna kichwa.

Ndipo nikakumbuka kidole cha mama. Nikaoka vileja vya mchele na dagaa, nikavibonyeza, na vilipopoa nikajaza kila kishimo samli iliyochanganywa na dawa. Samli ikaganda, ikaficha uchungu. Mbwa wa kujaribia alikula akalamba sakafu. Daktari alinisifu mbele ya ofisi nzima, nami nilivimba kichwa, sitajitia unafiki.

Safari ya kuvipeleka Makangale ilikuwa alfajiri ya kesho yake, na gari lingenipitia nyumbani. Kwa hiyo nikaja na kopo zima la vileja, nikaliweka juu ya kabati la vyombo. Sikusema ni la nini. Ningeanzaje kusema?

Jioni ile ile wakaja wageni, bila taarifa. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyeniposa, kijana mpole niliyempenda, na jibu la mwisho lilikuwa bado kwa mama yake. Ukoo wao ulitoka Omani. Mashamba ya karafuu yalikwisha zamani, ikabaki heshima, nayo waliilinda kama mboni ya jicho. Tena chama chao hakikuwa cha serikali, na mimi nilikula mshahara wa serikali. Mama alikuwa amehangaika sana mpaka yule bibi akubali kukanyaga kwetu. Alikuja na binti yake, dada wa mwalimu, aliyekuwa na mimba changa na rangi imempotea kwa kutapika.

Mimi niliwaamkia, nikaingia jikoni kuchemsha kahawa. Mama hakuwa na kitu cha kuweka mbele ya wageni. Akatazama huku na huku, akaona kopo, akafungua, akakutana na vishimo vyake mwenyewe. Nadhani moyo wake ulijaa. Alivipanga kwenye sahani ya maua.

Nilipotoka na birika, yule bibi alikuwa ameshamaliza kimoja, anajifuta midomo kwa adabu ya mtu aliyekula kitu asichokielewa.

"Vileja vino kavipika nani?"

"Mwanangu mwenyewe," mama akasema, na uso unang'aa.

"Mashaallah. Mbona vina ladha ya... mwatia n'ni?"

"Hiliki," mama akasema, kwa kubahatisha.

"Basi hiliki yenu imempata mtu. Huyu tangu juzi hali kitu, kila kitu kinarudi. Leo angalia!"

Nikaangalia. Dada wa mwalimu alikuwa akiguguna kileja pembeni kukizunguka, kama watoto wanavyofanya, akiliweka akiba lile tone la katikati. Pakiti ya dawa ilikuwa na onyo kwamba asipewe mwenye mimba. Nililisoma mara nyingi kwa ajili ya majike ya Makangale. Kileja kilikuwa kimebaki mduara mdogo wa manjano, naye anaupeleka mdomoni.

"Dada, usile!" nikapiga kelele, birika mkononi. "Kiweke! Kina dawa. Hivyo si vya watu, ni vya mbwa."

Akakiachia kikaanguka juu ya mkeka. Hakuna aliyekiokota.

Nilitaka kueleza kwamba hakuna mbwa aliyevigusa, kwamba dagaa wale niliwachagua kwa mkono wangu, safi kuliko tuliokula sisi wenyewe, kwamba kimoja hakimdhuru mtu mzima. Mama akanikata kwa jicho. Yule bibi alisimama, akasema kwa sauti ndogo, "Nileteeni maji." Mama alijua kama mimi kwamba najisi ni mate ya mbwa, si jina lake. Hata hivyo hakubishana. Alitoka uani, akarudi na ndoo ya maji, na udongo kwenye kisahani cha kikombe cha kahawa. Akampeleka mgeni wake nyuma, akamshikia kata, naye akasukutua mara saba, moja kwa udongo, kama kinavyotoharishwa chombo kilichorambwa na mbwa, akitema kwenye karo letu, huku mama ameinamisha kichwa kama mtumishi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliona haya kwa ajili yangu, lakini zaidi niliona haya kwa ajili ya mama, jinsi alivyokishika kile kisahani kwa mikono miwili.

Vileja vilikwenda Makangale na mbwa hawakuacha hata chenga. Mtaani, barazani, wakasema serikali imeanza kuwalisha watu dawa za mbwa. Nilipita kwa njia za nyuma. Yule dada alijifungua salama baadaye, alhamdulillahi.

Kabla ya hapo lilikuja jibu la posa. Alilileta mzee mmoja wa ukoo wao, kwa maneno matamu: kijana ameona asome kwanza. Mama alimshukuru, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi kuketi kwenye ungo wake wa mchele. Tangu siku ile ya wageni hakuwa ameligusa jambo lile. Akaanza kuchagua mchele, akasema bila kuinua uso:

"Mwanangu, weye hukuweza kusema ni vya mbuzi?"

Hakuna anayesukutua kwa udongo kwa ajili ya mbuzi. Yule dada angekiweka chini vile vile, tungecheka, tungekunywa kahawa.

"Halikunijia, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, akaendelea na mchele wake. Idi iliyofuata alipika vileja kama kawaida. Alivipaka ile samli ya manjano juu juu tu, na hakubonyeza hata kimoja.