Punda Kulia, Mkokoteni Kushoto

Miaka ya elfu mbili ilipoanza nilikuwa nauza maji mjini Noonkopir kwa mkokoteni wa punda. Shule niliachia darasa la nane, lakini ndoto sikuacha. Siku moja ningenunua lori la maji, nilichore maua pande zote, na punda wangu astaafu. Wakati huo alikuwa na mimba, karibu kuzaa. Nilimpunguzia mitungi, na kwenye mlima nilisukuma mwenyewe, wateja wakinicheka eti punda tuko wawili.

Sisi wa maji tulipita kulia, kama kansili, halmashauri yetu ya wilaya, ilivyotaka. Asubuhi moja askari wa trafiki akanisimamisha barabara ya Namanga.

"Wewe! Mkokoteni ni chombo cha barabara kama lori. Sheria ya Kenya ni kushoto!"

Nikahamia kushoto. Sikufika mbali, askari wawili wa kansili wakashika kamba.

"Punda ni kulia. Hujui sheria?"

"Trafiki ndiye amenituma huku, boss."

"Kwani trafiki ndiye alikupatia leseni?"

Wakamfungua punda, wakamfungia katika boma lao nyuma ya soko. Niliwaambia ako na mimba, nikawaomba nimwachie mtungi mmoja tu.

"Atakunywa ukileta barua kutoka ofisi kuu, Kajiado."

Mimi, muuza maji!

Kajiado nilimpata karani, mama mmoja mpole, akanifungulia kitabu cha sheria za kansili. Kweli iliandikwa: punda apite kulia. Akanieleza kwamba wazee walipoiandika, punda wa huku hakuwa anavuta kitu. Akina mama wa Kimaasai walitembea naye, mzigo mgongoni, na anayetembea hupita kulia ili aone gari linalomjia. Kwa wazee, punda alikuwa mtu wa miguu kama wewe na mimi. Ilikuwa busara. Halafu mikokoteni ikaja, na hakuna aliyefungua kitabu tena.

"Sasa mama, mbona hamrekebishi ilingane na ya serikali?"

"Hiyo inataka kikao cha madiwani, kijana wangu."

"Kikao ni lini?"

"Kilikuwa wiki jana. Walibishania rangi ya geti."

Nilitaka kupasua kile kitabu. Mama aliniandikia barua hapo hapo, lakini wa kuitia sahihi alikuwa ameenda mazishi. Nikarudi kesho yake. Nikarudi kesho kutwa.

Siku ya tatu niliingia bomani na barua mkononi. Punda wangu alikuwa amezaa. Mtoto amelala kwenye vumbi, hapumui, macho wazi, nzi wamejaa, na mama yake amesimama juu yake, ulimi umekauka. Karai lilikuwa tupu.

Askari alisoma barua polepole. "Sawa. Mchukue."

"Nani? Wako wawili. Na huyu mdogo, boss, yeye alipita upande gani?"

Akainamisha kichwa, akaanza kusoma barua upya kutoka juu.

Mama mtu alikunywa maji niliyoleta, lakini kutoka alikataa. Ikabidi nimbebe mtoto mbele yake ndiyo anifuate. Tulienda hivyo mpaka nyumbani, katikati ya barabara, magari yakinipigia honi, na mimi, ambaye sikuwa nimewahi kutukana mtu, nikiwatukana wote.